Chupa Mbili za Siku ya Posa

Tarehe kumi na tisa Agosti, mwaka juzi, nilifiwa na mume wangu. Alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja hapa Dodoma, na alipoondoka aliondoka na ujuzi wote wa nyumba yetu kuhusu mvinyo upi unywewe na chakula kipi. Si ujuzi tulioutumia. Nyumbani kwetu Chang'ombe tulikula ugali tukashushia maji. Lakini ulikuwepo, kama cherehani katika nyumba ya mtu asiyeshona.

Kazini alivaa shati jeupe na kutundika kitambaa kwenye mkono wa kushoto. Wageni wakikaa aliwauliza watakula nini, kisha akawaletea chupa ya Ufaransa au ya Marekani, au ya hapa hapa Dodoma kwa waliotaka kuonja ya nyumbani. Alijifunza kwa kusimama pembeni na kusikiliza, na kwa kuonja mabaki ya chupa jikoni. Hilo la mabaki hakunificha, na pumzi yake nayo haikunificha.

Akirudi nyumbani alikuwa bado hajaivua kazi. Namwekea ugali wa uwele na mlenda, anautazama, anafumba jicho moja.

"Mama, hapa ingekaa nyeupe ya Ufaransa. Ile kavu."

"Ipo?"

"Haipo."

"Basi kula."

Tuliishi hivyo miaka yote. Mimi niliishia darasa la saba na sijui Kifaransa hata cha kuombea maji, lakini mvinyo wa watu niliujua kwa tabia zake kama majirani nisiowahi kuonana nao. Nyekundu ya Ufaransa, alisema, ni mzee wa kanisa: mpe nyama, mwache akae kimya, ataanza kuzungumza mwenyewe baadaye. Nyeupe ya Marekani ni shangazi aliyetoka mjini: manukato yake yanaingia kabla hajapiga hodi, na anapatana na kila mtu, hasa kuku. Nyekundu ya Marekani ni shangazi huyo huyo akiwa amekasirika, huyo mpe nyama yenye pilipili mpatane. Mlenda ndio uliomshinda. Leo anaupa nyeupe, kesho anasema hapana, utelezi ule unataka yenye povu, keshokutwa anarudi kwenye nyeupe.

Mdogo wake, ambaye ni shemeji yangu, analima zabibu nje kidogo ya mji na kukamua mvinyo wake mwenyewe kwenye mapipa ya plastiki. Akitukuta kwenye mazungumzo hayo alikuwa haachi kitu.

"Kaka, zabibu zinaning'inia hapa mlangoni, wewe unamwozesha mlenda kwa Mfaransa! Huyo hata mahari hatalipa."

"Mvinyo wako wewe," mume wangu anamjibu, "unaufaa mlenda kweli. Vyote viwili mtu anameza bila kutafuna, akimshukuru Mungu kwamba vimepita."

Siku alipostaafu, mwenye hoteli hakumpa saa ya ukutani kama wengine. Alimpa boksi la chupa, za Ufaransa na za Marekani zikiwa zimechanganywa. Nyingine tulizitoa. Moja ilikwenda kwa padri alipotimiza jubilei yake, nyingine ilikwenda harusini kwa mpwa wetu, nyingine tuliifungua wenyewe Krismasi moja, nikanywa nusu glasi nikalala mchana kutwa. Zikabaki mbili, nyekundu ya Ufaransa na nyeupe ya Marekani. Hizo alisema haziguswi. Ni za siku binti yetu atakapoposwa. Tuna binti huyo mmoja tu.

Alizilaza uvunguni kwenye karai lililojaa mchanga, na kila Jumapili akirudi misa anaunyunyizia mchanga ule maji. Nilimsema sana. "Sisi tunanunua maji ya madumu, wewe unaogesha chupa." Alikuwa anacheka tu. Hakunieleza kwa nini, na mimi sikuuliza, nilidhani ni mambo yake ya hotelini, kama kukunja vitambaa vya mezani vifanane na kofia ya askofu.

Alipougua, wodini, hatukuzungumza mambo makubwa. Watu hudhani mgonjwa husema maneno mazito. Wangu aliulizia kuku wetu, akaulizia mvua, halafu akasema, "Siku hiyo mbuzi apewe nyekundu, kuku apewe nyeupe. Usibadilishe. Wakwe wajue binti ametoka nyumba ya mtu aliyejua kazi yake."

Nikamwambia utamimina mwenyewe. Sote wawili tulijua nadanganya, na hakunikatalia.

Tulimzika kwenye udongo mwekundu, mkavu, mgumu, vijana walitoka jasho. Watani wetu Wahehe walikuja, kama ilivyo desturi, maana kwetu sisi Wagogo msiba bila watani haujakamilika. Mmoja wao, fundi baiskeli wa mtaa wa pili, aliruka ndani ya kaburi kabla ya jeneza kushushwa, akajilaza, akasema pana baridi nzuri na hatoki mpaka apewe soda. Watu walicheka huku wanalia. Mimi sikuweza kucheka, lakini nilimshukuru. Alipewa soda akatoka.

Nilipobaki peke yangu na kuanza kufagia chumbani, nikazikuta zile chupa uvunguni, zimelala mchangani. Sikuweza kuzivumilia. Sina maneno mazuri ya kueleza. Nilikuwa nimetoka kumwacha yeye kwenye udongo, na hapa chumbani kwangu vitu vyake navyo vimefukiwa nusu. Nikazitoa siku ile ile. Nikaziosha, nikazifuta, nikazisimamisha kwenye kabati la vyombo sebuleni, nyuma ya kioo, kati ya birika la maua na sahani ambazo hazijawahi kupakuliwa chakula tangu tulipofunga ndoa. Pale ndipo tunapoweka vitu tunavyoviheshimu. Kabati linatazamana na dirisha la magharibi, na jua la jioni likiingia ile nyeupe ilikuwa inawaka kama taa. Kila Jumamosi nilizifuta vumbi. Wageni wakija wananiuliza, nami nasema ni za baba, za siku ya binti.

Barua ya posa ilipofika, ikawa imetoka Iringa. Kijana ni Mhehe. Shemeji yangu aliisoma akaiweka mezani akashika kiuno.

"Shemeji, tumekwisha. Watani wanakuja kuoa."

"Si walishakuja kuzika?" nikamwambia. "Nyumba wanaijua."

Binti yetu hakuomba gauni jipya, wala hakuomba turubai wala muziki. Aliomba jambo moja. "Mama, chupa za baba zitakuwepo mezani?"

"Zitakuwepo."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, na kila moja na chakula chake."

Akaendelea kuchambua mchicha. Nilimwona amelegea mabega. Wenzake wanaposwa baba yupo, amekaa kwenye kiti anajifanya mkali. Wake atakuwa mezani kwa namna hiyo, kwa nyekundu na nyeupe, na hiyo kazi nilikuwa nimeachiwa mimi.

Siku yenyewe jirani yangu wa ukuta mmoja alikuja mapema kunisaidia. Ni mwanamke wa Busi, kule Kondoa, Mwislamu safi, hajawahi kuonja kileo maishani, na kwa wali hana mpinzani mtaa mzima. Nilikuwa nimezitoa chupa kabatini na kuziweka mezani, natazama zile karatasi zilizobandikwa, maandishi yanapinda kama mizizi.

"Shoga," akasema, "sasa utajuaje ipi ya mbuzi?"

"Nyekundu. Ni mzee wa kanisa."

"Na hii?"

"Shangazi wa mjini. Anakwenda kwa kuku."

Akaweka mikono kiunoni. "Haya. Kumbe tumepika kwa ajili ya shangazi na mzee wa kanisa, na wakwe bado hawajafika. Na mlenda wako umempangia nani?"

"Mlenda hajapata mchumba."

"Maskini," akasema, akarudi kwenye wali wake. "Mimi nikiulizwa nitasema nilikuwa jikoni."

Wakwe walifika saa sita, wamevaa makoti. Dodoma, jua la saa sita, makoti. Shemeji yangu aliwapokea mlangoni.

"Karibuni watani. Mmekuja na baridi yenu, au mnaficha kitu?"

"Tumeficha mdomo," akajibu mshenga wao, mjomba wa kijana, mzee mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Tumeambiwa Dodoma mdomo ukifunguka hovyo unajaa vumbi. Shikamoo mama mwenye nyumba."

Kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia. Nikasema, "Shikamoo wewe, mzee, usinizeeshe," wakacheka, wakaingia. Walikuwa wachache: mshenga, shangazi wa kijana, na kijana mwenyewe, mwembamba, amekalia ncha ya kochi kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Walisema walilala Mtera, penye bwawa la njiani, kwa ndugu yao, na wakatuletea samaki wakavu wa bwawani, wamefungwa kwenye gazeti.

Maneno ya posa yalikwenda vizuri, kwa mizunguko yake, kwamba wameona ua hapa, na sisi kwamba hapa hatuna bustani, kwetu ni ukame. Kisha chakula kikaletwa. Mbuzi wa kuchoma, kuku wa kienyeji wa mchuzi, wali, ugali wa uwele, mlenda, kachumbari. Nikasimama. Mimi si msemaji, lakini hili lilikuwa la kwangu. Nikawaeleza kwamba baba wa binti alikuwa mhudumu wa meza, kwamba kazi yake ilikuwa kuchagulia watu mvinyo, na kwamba aliacha maagizo. Nikawaambia habari za mzee wa kanisa na shangazi wa mjini. Walisikiliza kweli. Hata mshenga alivua kofia.

Shemeji yangu akachukua kizibuo cha marehemu, akaanza na nyekundu. Kizibo hakikutoka. Kilivunjika katikati, kikawa unga, kipande kingine kikadumbukia ndani. Akatazama, akanitazama, akamimina kidogo kwenye glasi. Nikasikia sauti ya jirani yangu kutoka jikoni.

"Jamani, nani kamwaga siki huko?"

Harufu ilikuwa imeshatujaa wote puani. Ilikuwa siki, siki kabisa, ya kuchomea macho. Shemeji yangu akaonja, naye ni mtu wa mvinyo wa mapipa, si mtu wa kuchagua, na hata yeye alifumba macho. Akafungua nyeupe haraka, kama mtu anayetafuta njia nyingine ya kutokea. Ile haikuwa siki, ila ilikuwa imegeuka rangi ya chai iliyosahauliwa, na ladha yake niliionja baadaye: maji yaliyochemshiwa maganda ya tufaha.

"Shemeji," akaniuliza polepole, "zilikuwa wapi hizi?"

"Kabatini."

"Zimesimama? Juani?"

"Nilikuwa nazifuta kila Jumamosi," nikasema.

Akaweka kizibuo mezani. Akasema kaka yake alizilaza ili kizibo kisikauke, akazizika kwenye mchanga wa maji ili zipate ubaridi. Hakusema kwa ukali, alisema kwa huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilimtazama binti yangu aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ndani akisubiri kuitwa. Alikuwa ameshika pazia.

Ningeweza kunyamaza. Lakini watu wale walikuwa wanataka kuchukua mtoto katika nyumba hii, nikaona waijue ilivyo. Nikawaambia nilizitoa mchangani siku tuliyomzika kwa sababu sikutaka nazo zilale kwenye udongo. Nikawaambia hakuniagiza nizitoe, ni mimi. Alitaka mjue alijua kazi yake, na alijua. Aliyeharibu ni mimi. Kisha nikakaa.

Mshenga akanyanyuka na koti lake, akachukua kitambaa kilichofunika wali, akakining'iniza mkononi. Mkono wa kulia.

"Binti," akaita, "njoo hapa. Nasikia baba yako alikuwa mhudumu. Mimi ni mtani wake, nina haki ya kuchukua kazi yake. Alisimama hivi?"

Akatoa tumbo mbele, akainua kidevu juu kama bwana harusi anayepigwa picha. Binti yangu akatoka nyuma ya pazia. Nilidhani atalia.

"Hapana, babu. Kitambaa mkono wa kushoto."

"Hivi?"

"Na aliinama kidogo. Si hivyo, umeinama kama umeangusha shilingi. Kidogo."

"Hivi?"

"Na tumbo hakuwa nalo."

"Hilo sina pa kuliweka, mjukuu wangu, nitahudumu nalo." Akachukua chupa nyekundu, akaishika chini kama binti alivyomwonyesha, akazunguka meza, akammiminia kila mtu tone. Aliyekuwa na mbuzi alipata nyekundu, aliyekuwa na kuku alipata nyeupe, na kijana aliyekuwa na vyote alipata zote mbili, glasi mbili, na hakuthubutu kukataa. "Huyu mzee wa kanisa," mshenga akatangaza, "amesimama juani mpaka amekasirika. Ningekuwa mimi ningekuwa mchungu zaidi. Na huyu shangazi amezeeka, lakini bado anajipulizia." Shangazi wa kijana, wa kweli, alimpiga kwa ncha ya kanga.

Nikacheka. Nilijisikia nacheka kabla sijajua, sauti ikatoka kama kikohozi.

Kisha wakafika kwenye swali lenyewe. Shemeji yangu akakaa vizuri, akamuuliza binti kama desturi inavyotaka. "Wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Tuwapokee, au tuwaambie wamepotea njia?"

Binti alinyoosha mkono kwenye glasi ya nyekundu iliyokuwa mbele ya mchumba wake, ambayo kijana alikuwa ameizungushia vidole bila kuiinua. Akaichukua. Akainywa yote. Nilimwangalia koo lilivyokuwa linapanda na kushuka. Hakukunja uso. Macho yalijaa maji, lakini siki inafanya hivyo kwa mtu yeyote, kwa hiyo siwezi kusema yalijaa kwa nini.

"Tuwapokee," akasema.

Mshenga alimtazama mpwa wake. "Umeona? Amekunywa siki ya baba yake bila kukunja uso. Huyo atatuvumilia sisi. Wewe je?"

Kijana alichukua ile nyeupe akainywa, akakunja uso mpaka masikio yakasogea. Nyumba nzima ilicheka, naye akacheka, na hapo ndipo nilipompenda.

Jirani yangu alikuja kutoka jikoni kuona kuna nini. Nikamweleza. Aliitazama chupa nyekundu, ambayo ilikuwa bado zaidi ya nusu, akauliza kama ni siki kwelikweli, si kileo tena. Shemeji yangu akamwambia kileo kimekwisha kuhama humo, hakikuaga hata majirani. "Kama ni siki," akasema, "mbona kachumbari yenu imekauka?" Mimi nikanyunyiza kwenye kachumbari, yeye akaangalia tu. Watu walikula na yule mbuzi, wakaongeza, bakuli likaisha. Mume wangu alisema nyekundu iende na mbuzi, ikaenda.

Mshenga alikula mlenda kuliko wote. Nilimuuliza, kwa utani, je, angependelea kinywaji gani kushushia. Akafikiri. Akasema kwao wangekunywa ulanzi, pombe yao ya mianzi, lakini kwa mlenda huu asingetaka kitu chochote kiufuate mdomoni. Shemeji yangu alisema hilo ni tusi. Mimi sikujua ni tusi au ni sifa. Niliona anajipakulia tena.

Waliondoka jua likiwa limelegea, wanataka kuvuka Mtera kabla ya giza. Shangazi wa kijana alinishika mikono yote miwili, akasema pole, akasema na hongera, kwa pumzi moja. Mshenga alirudisha kitambaa chetu, akakumbuka, akakikunja vizuri kwanza. Binti aliwasindikiza mpaka garini.

Aliporudi nilikuwa nakusanya vyombo. Akaniuliza, "Mama, umekula?"

Nikamwambia bado, nilikuwa napika, halafu nilikuwa nahangaika. Akanivuta kiti. Ugali ulikuwepo kidogo umekauka pembeni, na mlenda chini ya sufuria, na kipaja cha kuku ambacho jirani alikuwa amenifichia chini ya kifuniko. Akakaa upande wa pili. Tukanawa, tukala.